Kuposti Kwenye Kundi Siyo Kutoa Taarifa ya Ugonjwa

 Leo siandiki kuhusu chanjo wala malisho. Kuna jambo limenikera kwa muda mrefu na nimeona niliseme wazi.

Siku hizi ukienda semina huwezi kumaliza saa moja bila kusikia neno "data". Mtu anawasha projekta, anaonyesha ramani yenye vidoti vyekundu, anaeleza kwamba zama za kumsubiri afisa wa kata ajaze fomu zimepita. Kompyuta itasoma watu wanachotafuta Google na wanachoandika Facebook, itajua ugonjwa umeanzia kijiji gani kabla hata mtaalamu hajapigiwa simu. Watu wanapiga makofi, chai inaletwa.

Huku kijijini wazo lilelile limeingia kwa mlango wa nyuma. Mbuzi wanakufa, mwenyewe anapiga picha, anairusha kwenye kundi la WhatsApp. Ishirini wanaandika "pole sana ndugu", wawili wanataja dawa, mmoja anatuma tangazo la vifaranga, na mwenye mbuzi analala akiamini ametoa taarifa.

Msimamo wangu ni kwamba huyo wa projekta na huyo wa kundi wanakosea kosa moja. Wote wanadhani ugonjwa ukishaonekana kwenye simu, basi kuna mtu ameuona na atafanya kitu. Hakuna aliyeuona. Na zizi linaendelea kupungua.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wanaoisifia hawasimulii mwisho wa hadithi. Novemba 2008 kampuni ya Google kule Marekani ilizindua huduma iliyoitwa Google Flu Trends. Wazo lilikuwa zuri: mtu akishikwa na homa ya mafua, kabla ya kwenda hospitali anauliza mtandaoni. Wakachukua maneno milioni 50 yanayotafutwa zaidi, wakayalinganisha na takwimu za miaka ya nyuma za CDC, ile taasisi ya serikali ya Marekani inayofuatilia magonjwa, wakabaki na maneno 45 yaliyokuwa yakipanda na kushuka pamoja na ugonjwa. Takwimu za CDC zilikuwa zinachelewa wiki moja hadi mbili. Google wakasema sisi tunaweza kwa siku moja tu. Kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2009 kwenye jarida la Nature na dunia ikashangilia.

Mwaka huohuo likaja jaribio la kweli. Mafua ya nguruwe, yaani H1N1, yakaingia Marekani wakati msimu wa baridi umekwisha, na mashine ikakadiria wagonjwa wachache kuliko waliokuwepo. Ilikuwa imezoea mafua ya majira ya baridi. Wakaifanyia marekebisho. Msimu wa 2012 kwenda 2013 ikakosea upande wa pili, ikataja wagonjwa karibu mara mbili ya wale waliohesabiwa na CDC. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na David Lazer wakaandika kwenye jarida la Science kwamba kuanzia Agosti 2011, kati ya wiki 108, mashine ilizidisha makadirio katika wiki 100. Mwaka 2015 Google wakaacha kuchapisha makadirio hayo.

Kwa nini ilikosea? Sababu moja inachekesha. Wakati wanatafuta maneno yanayoendana na mafua, kompyuta iliwaletea pia mpira wa kikapu wa shule za sekondari. Kule kwao mpira huo unachezwa majira ya baridi, na mafua yanakuja majira ya baridi. Hilo waliligundua wakalitoa, lakini mengine ya aina hiyo yanajificha. Fikiria hapa kwetu: mvua zikianza watu wanauliza bei ya mbegu za mahindi, na mvua hizohizo zinaleta malaria. Mtu akikuambia kwamba kuulizia mbegu ni dalili ya malaria utamcheka, lakini kompyuta haijui kucheka.

Sababu nyingine ni hofu. Redio na televisheni zikitangaza kwamba kuna ugonjwa, watu wazima kabisa wanaanza kuutafuta. Anayeuliza si lazima awe na homa, anaweza kuwa na wasiwasi tu.

Sasa niulize swali ambalo kwenye semina sijalisikia likijibiwa. Wamarekani walijuaje kwamba mashine imekosea? Walijua kwa sababu upande wa pili kulikuwa na madaktari na maabara waliokuwa wakihesabu wagonjwa wa kweli kila wiki na kupeleka hesabu zao juu. Ile kazi ya kuchosha, inayochelewa, ya fomu na simu, ndiyo iliyowaambia. Sisi tukiiacha kazi hiyo eti tumepata ramani ya vidoti, nani atatuambia vidoti vimekosea?

Halafu tazama hali yetu. Mzee mwenye ng'ombe sitini porini ana simu ya kitochi. Haulizi Google. Akiona ndama anahema vibaya anamuuliza jirani, kisha anamtuma kijana dukani kununua dawa. Kijana mwenye simu kubwa na bando yupo mjini, na kuku wake ni watano. Kwenye ramani ya mtandao hao kuku watano watang'aa na ng'ombe sitini hawatakuwepo.

Lugha nayo. Mdondo kuna mahali unaitwa kideri. Mtu hatafuti mdondo wala kideri, anaandika "dawa ya kuku wanaoharisha kijani". Kuharisha kijani kunaweza kuwa mdondo, kunaweza kuwa homa ya matumbo ya kuku, na yapo mengine. Neno "homa" peke yake kwetu ni malaria, ni mafua, ni uchovu, ni ndigana, ni chochote. Mashine iliyoshindwa kutofautisha mafua na hofu ya mafua kwa Kiingereza, itawezaje kumjua ng'ombe wa Kiswahili anayeumwa "homa"? Na yale makundi yenu ya WhatsApp, kwa taarifa yako, hizo mashine hazisomi kabisa. Ujumbe wake umefungwa, wanausoma walio ndani ya kundi tu. Kwa hiyo hata ile faraja kwamba "serikali itaona" haina msingi. Serikali haimo kwenye kundi, labda mimi, na mimi nikiamka nakuta ujumbe mia tatu.

Nimeona kwa macho yangu jinsi hofu inavyoenda mbio kuliko ugonjwa. Kwenye wilaya ninayofanyia kazi ilizunguka sauti, mtu asiyejulikana anasema kimeta kimeingia mnadani na tayari watu wameanguka. Hakutaja kijiji, hakutaja tarehe, hakusema ameona nini. Kufikia jioni wachoma nyama walikuwa wamezima majiko. Mnada uliofuata wanunuzi wa nje hawakuja, na mama mmoja aliyeleta mbuzi watatu kwa ajili ya ada ya mtoto alirudi nao nyumbani. Tulizunguka siku mbili kutafuta mzoga wa kimeta, hatukuukuta. Kwenye ramani ya yule mtu wa projekta, wiki hiyo sisi tungekuwa doti kubwa jekundu kuliko wote.

Nisiwe mkali upande mmoja. Mtandao umewahi kufanya kazi kubwa, na inafaa tujue ni wakati gani. Tangu mwaka 1994 kuna huduma inaitwa ProMED, ambako madaktari, wataalamu wa mifugo na watu wengine wanatuma taarifa za magonjwa yasiyoeleweka, na wataalamu wanazichuja kabla ya kuzisambaza duniani. Septemba 2012 daktari mmoja Mmisri aliyekuwa akifanya kazi Jeddah, Ali Mohamed Zaki, alituma humo taarifa ya mgonjwa aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu na kirusi kipya alichokikuta kwenye sampuli zake. Madaktari wa London walikuwa na mgonjwa kutoka Qatar, wakasoma, wakalinganisha, wakakuta ni kirusi kilekile. Ndio ugonjwa ulioitwa baadaye MERS, ambao sasa tunajua unahusiana na ngamia. Lakini angalia vizuri kilichofanya kazi pale. Daktari alimwona mgonjwa, akachukua sampuli, akaandika kwa jina lake na mahali alipo, na upande wa pili kulikuwa na watu wanaosoma na kujibu. Mtandao ulikuwa barabara tu.

Rudi nyumbani. Mwisho wa 2006 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki. Mtakumbuka, wengine mlikuwa wadogo. Setilaiti ziliona, na Novemba mwaka huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa tahadhari kwamba Homa ya Bonde la Ufa inaweza kulipuka. Mashine ile ilifanya kazi yake vizuri. Na kule kaskazini mashariki mwa Kenya wafugaji Wasomali, watafiti walipowahoji baadaye, walieleza mambo kwa mpangilio: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi ajabu, kisha mifugo kutoa mimba na kufa, kisha watu. Waliyaona yakija. Lakini ugonjwa ulithibitishwa Desemba baada ya watu kuanza kufa Garissa, na mwanzoni mwa 2007 ukawa umeingia kwetu, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Kenya walifariki watu zaidi ya 150, Tanzania zaidi ya 100. Wafugaji wakakosa soko kwa sababu watu waliogopa nyama.

Katika kisa hicho tahadhari ilikuwepo juu na macho yalikuwepo chini. Katikati ndipo palipokuwa na shimo: nani anampigia nani, na anayepigiwa ana gari, ana mafuta, ana chanjo? Ukiniletea leo vidoti vingine elfu moja, shimo hilo liko palepale.

Sasa nije kwa wafanyabiashara, maana ninyi mnapenda wataalamu waseme na wafugaji tu. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilitangazwa rasmi nchini mwaka 2008 kule Ngorongoro. Kufikia 2010 ilikuwa Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, upande wa pili wa nchi. Waliofuatilia walikuta inahusishwa na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mbuzi walipakiwa kwenye gari wakashushwa kijijini, wakachanganywa na wenyeji siku hiyohiyo. Hakuna utafutaji wa mtandaoni ambao ungeonyesha safari hiyo. Ingeonyeshwa na kibali cha kusafirisha mifugo kilichoandikwa kweli, na mchuuzi ambaye angesema, "Wale niliowaacha Pugu walikuwa na makamasi na wanaharisha."

Najua kwa nini hukusema, na yule wa projekta hajui. Ukisema, karantini inakuja. Mnada unafungwa, mzigo wako umekwama, mkopo wa kikoba unasubiri, na wenzako watakuambia umewaharibia biashara. Kwa hiyo anayeona ugonjwa kwanza ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Mfugaji wa nguruwe akiona wawili wamekufa kwa ghafla hatafuti kitu mtandaoni. Anajua homa ya nguruwe haina tiba, anawauza waliobaki usiku kwa bei ya kutupa, na wewe mchuuzi unashangilia bei, unawapeleka kata ya tatu. Ukimya wa namna hiyo hauachi alama yoyote kwenye intaneti. Kompyuta inaona eneo safi, halina doti hata moja.

Dawa ya ukimya huu si programu. Ni kumfanya anayesema asipate hasara kubwa kuliko anayeficha. Mnada ufungwe mapema kwa siku chache kwenye kata moja, badala ya kufungwa miezi kwenye wilaya nzima kwa sababu tulichelewa kujua. Anayetoa taarifa jina lake lisitajwe mkutanoni. Na akipiga simu, mtu afike. Hili la mwisho nalisema kwa wenzangu na kwa wakubwa zetu bila kuzunguka: mfugaji aliyepiga simu mara mbili hakuona mtu, mara ya tatu hapigi. Anaposti. Fedha ya kununua ramani ikipatikana, iliyotangulia kuhitajika ni ya mafuta ya pikipiki na vichupa vya sampuli.

Sipingi simu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kupitia kituo cha SACIDS, walitengeneza programu ya AfyaData, ambayo mtu aliyefundishwa kijijini anajaza alichokiona, mnyama au binadamu, na taarifa inafika kwa wahusika na jibu linaweza kurudi. Ona tofauti. Humo anayeandika anajulikana, amefundishwa, anasema alichokiona kwa macho yake, na kuna anayetakiwa kumjibu. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Na kama tunatafuta dalili za mapema kabisa, mimi ningeanza na daftari la duka la dawa za mifugo. Mwenye duka anajua wiki ambayo oksitetrasaiklini imeisha kabla ya wakati wake. Anajua watu watano wa kitongoji kimoja wameulizia dawa ya kuharisha asubuhi moja. Mwenye bucha anajua ng'ombe wanapoletwa wengi kwa bei isiyo ya kawaida. Hawa hawahitaji intaneti, wanahitaji namba ya mtu wa kumwambia na uhakika kwamba hawatageuzwa mashahidi wa polisi.

Basi ufanyeje? Kwanza elewa kwamba kutoa taarifa si hiari, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama au anayemtunza atoe taarifa ya ugonjwa unaopaswa kuripotiwa. Pia kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inagusa kusambaza taarifa za uongo, kwa hiyo ile sauti ya "kimeta kimeingia" usiirushe kwa sababu tu umeipokea. Lakini mwogope mchuuzi mwenzako anayeficha kuliko unavyoogopa sheria.

Ukiona mnyama wamekufa au wameugua wawili watatu kwa namna moja, piga simu kwa afisa mifugo wa kata au kwa mtendaji wa kijiji. Piga, usiandike tu. Taja kijiji na kitongoji. Sema ni mnyama gani, una wangapi kwa jumla, walioumwa wangapi, waliokufa wangapi. Hapa wengi mnaharibu: mnasema "wanakufa sana". Sana ni ngapi? Wanne katika kumi ni hatari tofauti na wanne katika mia mbili. Sema ilianza siku gani. Sema unachokiona na siyo jina la ugonjwa unalolidhania. "Makamasi mazito, vidonda mdomoni, anaharisha" kunanisaidia kuliko "nadhani ni sotoka". Kisha sema kama kuna mnyama mgeni aliyeingia wiki mbili tatu zilizopita na alitoka mnada gani. Najua hili linauma kulitaja. Ndilo ninalolihitaji kuliko yote.

Picha nzuri, itume, lakini kwangu na siyo kwenye kundi la watu mia mbili. Na kama mnyama amekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja kubwa na mzoga haukakamai, usiuchune, usiufungue, usigawe nyama. Funika, zuia mbwa na watoto, halafu piga. Huyo anaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu.

Ukishapiga, andika kwenye daftari siku, saa na jina la uliyeongea naye. Muulize atakuja lini. Siku mbili zikipita kimya, nenda ofisi ya mifugo ya wilaya na hilo daftari mkononi. Hutakuwa umemchongea mtu, utakuwa umeifanya taarifa yako isife njiani. Namba ya afisa wako inatakiwa iwe imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Kama haipo, iulizie kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, mbele ya watu wote, na mtendaji aiandike hapohapo.